Bunduki ya kwanza ya kuwindia: anza na bega lako, si na nyati

Nimekuwa askari wanyamapori kwa miaka 22, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa upande wa Tabora, kwenye miombo ya Sikonge na Ugalla. Mwindaji mwenyeji akipata kibali haendi porini peke yake. Husindikizwa na askari, ambaye hukagua kibali na kuandika kila mnyama aliyepigwa. Mimi ndiye niliyekuwa nakaa nyuma ya Landcruiser hizo. Nimeona bunduki za kila aina zikitolewa kwenye mifuko yake saa kumi na moja alfajiri, na mapema sana nikagundua jambo: mtu hajafyatua hata risasi moja, lakini namna anavyoishika bunduki yake inakuonyesha kama jioni tutachuna nyama au tutakuwa bado tunafuata damu.

Mwaka jana mpwa wangu, anayefanya biashara ya asali Sikonge, alikuja nyumbani akaniambia, "Mjomba, nataka kununua bunduki ya kuwindia. Nimeshachagua." Akanipa karatasi. Alikuwa ameandika .458 Winchester Magnum, bunduki ya nyati na tembo. Nikamwambia aikunje karatasi ile aiweke mfukoni kwanza, nikamsimulia habari ya kongoni. Nitaisimulia na hapa.

Alikuja mtu mmoja kutoka mjini, mtu mzima na mpole, na .458 mpya kabisa. Tangu ainunue alikuwa ameipiga mara tatu tu. Asubuhi ya kwanza tukapata kongoni dume amesimama ubavu, hatua kama 80, hana habari na sisi. Nilikuwa pembeni yake. Niliona kidole kikivuta triga, na wakati huohuo nikaona macho yake yamefumba. Risasi ikaingia tumboni, nyuma kabisa. Ilikuwa saa tatu. Tulimfuata mpaka saa kumi jioni, mbung'o wanatutafuna shingo. Damu yenyewe ilikuwa matone machache yaliyochanganyika na majani mabichi yaliyosagika, ndiyo alama ya tumbo, na kila tulipomkaribia aliinuka akasogea tena. Mwisho tulimkuta amelala chini ya mninga, kichwa bado kimesimama, anatutazama. Nilimmaliza mimi, kwa bunduki ya kazini.

Risasi ya .458 ina uzito wa gramu 32 hivi. Ile ya .30-06, bunduki ya kawaida ya wanyama wa nyama, ina gramu 11 hadi 12. Kongoni yule angepigwa na hiyo ndogo kwenye mapafu, asingemaliza hatua 60. Sijasahau macho yake, na ndiyo sababu nayaandika haya kwa urefu. Bunduki ya kwanza ni ile utakayoweza kuifyatua macho yakiwa wazi. Mengine yote yanafuata hapo.

Karatasi kwanza

Nitalipita hili haraka, lakini usiliruke. Tanzania bunduki inatangulizwa na kibali, na kibali cha kumiliki silaha ni kitu kimoja, kibali cha kuwinda ni kingine. Silaha iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Maombi yanaanzia chini kabisa, kijijini au mtaani, yanapita kamati za ulinzi na usalama, yanapanda kwa polisi wilaya na mkoa. Uwindaji uko chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009, na vibali vyake vinasimamiwa na TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Usilipie bunduki yoyote kabla maombi yako hayajafika mahali pa kueleweka, kwa sababu kaliba unayoiandika kwenye fomu ndiyo utakayoruhusiwa, na kubadilisha baadaye ni kuanza safari upya. Andaa pia kasha la chuma lililofungwa ukutani, na risasi zikae mahali pengine penye kufuli lake.

Ukiwa Kenya, uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo haya ni ya huku kwetu.

Na bunduki inayojijaza yenyewe baada ya kila risasi usiitazame. Porini haitakiwi. Unatafuta raifali ya bolti, ile unayovuta komeo kwa mkono, ganda linatoka, unasukuma, risasi nyingine inaingia. Kama shida yako ni kanga na kware tu, huhitaji raifali kabisa. Tafuta bunduki ya marisau, utakula vizuri na jirani hatalalamika.

Utamwinda nani, na wapi

Wengi wanaanza na swali la bunduki ipi. Mimi humuuliza mtu: kibali chako kitaandikwa wanyama gani? Jibu la kweli la mwindaji mwenyeji, mwaka baada ya mwaka, ni swala pala, tohe, ngiri, kongoni, nyumbu, pengine pundamilia. Swala pala dume ana kilo 60 hivi. Kongoni anafika 150. Nyati anakuja mara moja moja, kwa wenye bahati na wenye fedha, na mwaka wa kwanza sikushauri hata ukipewa.

Halafu mahali. Kwenye miombo ya Tabora, majani yakiwa bado hayajaungua, humwoni mnyama mpaka uwe karibu: hatua 60, 80, ikizidi sana 120. Ukienda mbuga za wazi za Simanjiro, swala granti atakutazama kutoka mita 200 na hakuna hata kichuguu cha kujificha. Bunduki ya mtu wa miombo na ya mtu wa mbuga zinaweza kuwa kaliba moja, lakini darubini zake zitatofautiana, na mazoezi yake pia. Mtu anayejua kwamba risasi zake nyingi zitapigwa ndani ya hatua 100 asishawishike kununua kitu cha kupigia kilomita.

Kaliba, kwa maneno ya kawaida

Kaliba ni unene wa tundu la mtutu, ambao ndio unene wa kichwa cha risasi. Waingereza na Wamarekani wanaupima kwa sehemu za inchi, Wajerumani kwa milimita. .375 ni inchi 0.375, yaani milimita 9.5. Lakini unene peke yake hauelezi nguvu. Ganda lililobeba baruti lina ukubwa wake, kichwa cha risasi kina uzito wake. Ndiyo maana .308 Winchester na .30-06 zina kichwa cha unene uleule kabisa, na hazibadilishani magamba. Ganda la .308 lina urefu wa milimita 51, la .30-06 milimita 63. Hapa niseme jambo la uhai: soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu, kisha soma chini ya ganda la kila risasi, na vyote vifanane herufi kwa herufi. Ziko .300 zaidi ya moja, ziko .375 zaidi ya moja. Risasi kuingia kwenye chemba, pale inapokaa nyuma ya mtutu, si ushahidi kwamba ni yake.

Sasa nichukue zile ambazo mtu wa huku atakutana nazo dukani.

.243 Winchester ya mwaka 1955 ni nyepesi begani, kichwa chake ni gramu 6 na nusu. Kwa swala pala, tohe na swala granti inatosha kabisa, na kwa mtu mwenye mwili mdogo ni mwalimu mzuri. Kwa kongoni naiona finyu. Inamuua ikipita mapafuni, ila haina ziada siku mnyama akigeuka kidogo wakati unafyatua.

.308 na .30-06 nitaziongelea pamoja. Ya pili, ambayo tunaiita thati-o-siksi, ilianza kama risasi ya jeshi la Marekani mwaka 1906, na hiyo 06 ndiyo mwaka wenyewe. Kichwa cha gramu 11.7 kinatoka kikienda kama mita 820 kwa sekunde. Kwa bunduki hii nimeona watu wakipiga kila mnyama wa nyama kuanzia tohe hadi tandala mkubwa, na waliokuwa wametulia hawakunipa kazi ya kufuata damu. .308 iko nyuma yake kwa hatua ndogo sana, teke lake, yaani inavyokusukuma begani ukifyatua, ni pungufu kidogo. Ukipata yoyote kati ya hizi mbili, nzima, kwa bei unayoiweza, chukua. Nikilazimishwa kutaja moja ni .30-06, kwa sababu inabeba vichwa vizito vizuri zaidi, gramu 13 na 14, na siku utakayopewa pofu utavihitaji.

.300 Winchester Magnum ya 1963 ina mbio na inapiga mbali. Pia ina kelele na teke kali. Kwenye miombo sioni inakufanyia nini.

9.3x62 ni bunduki ninayoipenda moyoni. Otto Bock wa Berlin aliitengeneza mwaka 1905 kwa ajili ya watu wa Afrika waliotaka raifali ya Mauser ya kawaida yenye kishindo cha kumlaza mnyama mkubwa. Inasukuma taratibu, haichani bega, na kwa pofu na palahala ni tamu. Ila huku kwetu wanyama hatari wanataka kuanzia .375, na milimita 9.3 ni inchi .366. Imekosa kwa unywele. Kwa hiyo ukiinunua, ujue nyati hayumo.

.375 H&H Magnum ilitolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912, na zaidi ya miaka mia baadaye bado ndiyo bunduki inayofanya kila kitu. Kichwa cha gramu 19.4, mita 770 kwa sekunde. Ukimpiga nayo swala pala kwa risasi nzuri haharibu nyama kama watu wanavyodhani, na ukimpiga nyati upo ndani ya sheria. Teke lake ni karibu mara mbili ya .30-06. Hapo ndipo penye swali.

.458, ya mwaka 1956, ni bunduki ya kazi. Ni ya mwindaji bingwa anayemlinda mgeni wake, au askari anayeitwa kijijini kwa ajili ya tembo aliyeua mtu. Kama bunduki ya kwanza, hapana.

Kuna ambao watakutajia W.D.M. Bell, yule Mskoti aliyeitwa Karamojo Bell kwa sababu ya Karamoja kule Uganda, aliyeua tembo zaidi ya 1,000 na wengi wao kwa kaliba ndogo ya milimita 7. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba mtu huyo alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi. Kitu cha kuiga kwake ni huo msumeno, yaani kujua ndani ya mnyama kulivyo. Kaliba yake muachie.

Moja tu, au mbili?

Hapa ndipo wenzangu na mimi huwa tunabishana, nami nitasema ninavyoona. Kwa kuwa kupata kibali ni safari ndefu, watu wengi wanajua watamiliki raifali moja maisha yao yote. Wanasema: basi iwe .375, imalize yote. Hoja hiyo ina nguvu, siidharau. Kama una mwili wa kuibeba, fedha ya risasi 100 za mazoezi, na nia ya kweli ya nyati siku moja, inunue .375 na nitakuunga mkono. Lakini kama mojawapo ya hayo matatu halipo, hasa la risasi za mazoezi, utaishia na bunduki unayoiogopa, imekaa kabatini miezi 11, inatoka mwezi wa 7 ikiwa ngeni mikononi mwako. Mwenye .30-06 aliyepiga risasi 100 ni mwindaji mzuri kuliko mwenye .375 aliyepiga kumi.

Tulilimaliza hilo kwa mpwa wangu kwenye uwanja wa shabaha, mbele ya mkufunzi. Nataka uone lilivyofanyika, kwa sababu unaweza kuliomba nawe.

Mkufunzi alichukua .375, akajaza magazini mgongo wake ukiwa umemgeukia kijana. Kati ya risasi za kweli alichanganya risasi bandia, zisizo na baruti, bila kusema ziko wapi. Kijana akailaza bunduki kwenye fito za kulengea, akalenga, akafyatua. Kishindo. Akavuta bolti, akalenga tena, akafyatua. Ikalia *tik* tu. Na pale pale, mbele ya macho yetu wote, mdomo wa bunduki ukazama chini kama upana wa kiganja, bega likasukuma mbele, kope zikafumba. Hakukuwa na teke lolote. Mwili ulilipigania teke ambalo halikuja. Alinyamaza. Hakuwa anajua kwamba anafanya hivyo. Hakuna anayejua, kwa sababu risasi ikiwa ya kweli kishindo kinaficha kila kitu.

Wakabadilisha, akapewa .30-06, mchanganyiko uleule. *Tik* ya kwanza mdomo ulitikisika kidogo. Ya pili kidogo zaidi ya hapo. Ya tatu bunduki ilibaki imetulia kama imewekwa mezani. Akaniangalia, akaitoa ile karatasi mfukoni, akalikata jina la .458.

Kipimo cha kaliba yako ni hicho. Kadiri mdomo unavyozama kwenye risasi bandia, ndivyo risasi ya kweli itakavyokwenda chini au pembeni ya pale ulipolenga. Ukiweza .375 bila kuzama, ni yako. Ukishindwa leo, hujashindwa milele, mazoezi na .30-06 mwaka mmoja au miwili yatakufikisha.

Bunduki yenyewe mkononi

Wazee husema mchagua jembe si mkulima. Kwa bunduki nawaomba radhi, hii huchaguliwa, tena kwa mwili.

Hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba ni tupu. Kunja mkono wako wa kulia upige kona, weka mwisho wa kitako kwenye mkunjo wa kiwiko, kidole kifike kwenye triga bila kunyoosha wala kubana. Kisha fumba macho, ilete begani kama unalenga, fumbua. Ukikuta jicho liko nyuma ya katikati ya darubini, kitako ni chako. Ukilazimika kunyanyua shavu au kunyoosha shingo, si chako, au fundi akirekebishe. Watu wenye mikono mifupi wanateseka na vitako virefu bila kujua ugonjwa uko wapi. Kitako kirefu kinafanya teke liongezeke, kwa sababu kinakukalia kwenye mkono badala ya begani.

Uzito usiukimbie. Bunduki nyepesi ni raha dukani na adhabu begani. .30-06 yenye kilo 3.8 hadi 4 pamoja na darubini inabebeka siku nzima. .375 isiwe chini ya kilo 4.

Bunduki nyingi zinazouzwa huku zimeshatumika, na hilo si baya. Raifali nzuri inamzika mwenyewe. Ila ichunguze. Toa bolti, elekeza mtutu kwenye mwanga, tazama ndani: mikunjo ya ndani, ile mifereji inayozunguka, iwe na makali, ing'ae, isiwe na vishimo vyeusi vya kutu. Tazama ukingo wa mdomo wa mtutu. Ukiwa na pengo hata dogo, risasi itayumba. Geuza kitako, tazama pale mbao inapokutana na chuma nyuma ya bolti. Bunduki zenye teke kubwa hupasuka hapo, ufa mwembamba kama unywele, na wauzaji wengine huujaza gundi na kupaka mafuta. Pitisha kucha. Mwisho, peleka kwa fundi wa silaha mwenye leseni akapime chemba na geji yake kabla fedha haijatoka.

Ninazipenda bolti za mtindo wa Mauser wa 1898, zenye ukucha mrefu unaoshika ganda tangu linapoinuka kwenye magazini. Hata ukivuta ovyo kwa hofu, ganda halidondoki wala risasi mbili hazibanani. BRNO na CZ za zamani, bunduki za Kicheki, zina ukucha huo na zimeenea sana huku: ZKK 600 ndiyo ya kaliba kama .30-06, ZKK 602 ndiyo ya .375 na .458. Mpwa wangu alipata ZKK 600. Ukiipata, jua mambo mawili. Vishikio vya darubini vya bunduki hizo si vya kila bunduki, hakikisha vinakuja nayo. La pili ni zito zaidi: sefti, yaani kifungio cha usalama, ya nyingi za zamani inakwenda kinyume na bunduki zingine. Ukisukuma mbele inafunga, ukivuta nyuma inafungua. Mtu aliyezoea bunduki nyingine atadhani amefunga, kumbe amefungua. Ijaribu mara mia ikiwa tupu mpaka kidole kikariri.

Darubini na risasi

Kwa miombo, darubini inayoanzia mara 1.5 au 2 na kuishia 6 inatosha. Kwa mbuga za wazi, 3 hadi 9. Usinunue kubwa ya kuona nyota. Ukimsogelea mnyama hatua 40 utaona manyoya tu na hutajua ni bega au paja. Afadhali bunduki ya bei ya kati na darubini imara kuliko kinyume chake, maana barabara zetu hulegeza skrubu. Kaza vishikio kabla ya msimu na kila baada ya safari ndefu. Na jicho likae sentimita 8 au 9 nyuma ya kioo. Nimeshona, kwa maana ya kufunga kitambaa tu mpaka zahanati, nyusi za watu wengi waliosogelea kioo mno.

Risasi ni ya kuchagua pia. Kichwa laini, ambacho sisi huita softi, kinafunguka kama ua kikigusa nyama; ndicho cha swala na kongoni. Kigumu, yaani solidi, hakifunguki, kinapita moja kwa moja. Ni cha wanyama wenye ngozi nene na mifupa mizito. Usimpige swala kwa risasi za kijeshi zilizovikwa shaba nzima. Zinatoboa tundu dogo, mnyama anaondoka nalo akafie mbali. Ukishapata aina moja inayopiga vizuri kwenye bunduki yako, nunua za kutosha na ubaki nayo. Uliza mapema dukani ni kaliba zipi zinaingia mara kwa mara, maana bunduki nzuri isiyo na risasi ni mzigo.

Kabla ya tarehe 1 Julai

Msimu unafunguliwa siku hiyo. Mazoezi yaanze angalau miezi mitatu nyuma, uwanjani, chini ya usimamizi.

Rekebisha shabaha kwanza. Kwa .30-06 yenye kichwa cha gramu 11.7, ukiiweka ipige sentimita 5 juu ya alama kwenye mita 100, itashuka irudi kwenye alama karibu na mita 180, na hutahitaji kukisia chochote ndani ya hapo. Kisha achana na meza. Porini hakuna meza. Kata fito tatu nyembamba zinazokufika kidevuni, zifunge pamoja karibu na ncha kwa utepe uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, zipanue chini zisimame. Hapo juu panapopishana ndipo bunduki inapolala. Mpira unashika mbao bila kupiga kelele, ndiyo maana sipendi kamba ya nailoni.

Shabaha yako iwe na upana wa kisosi, sentimita 15, mita 100, umesimama kwenye fito. Kisosi ndicho kipimo cha moyo na mapafu ya swala pala ukiacha ukingo wa usalama. Siku utakayoweka risasi tano kati ya tano ndani yake, siku mbili tofauti, uko tayari kwa umbali huo. Ukiweka tatu, sogea mita 70 na ujaribu tena, na umbali utakaofaulu ndio mpaka wako msimu huu, hata mnyama akisimama vizuri namna gani mbele ya mpaka huo. Nimeshuhudia watu wakishusha bunduki na kuacha kongoni aende kwa sababu alikuwa mbali hatua 30 zaidi. Niliwaheshimu sana.

Kwenye mnyama aliyesimama ubavu, panda na mstari wa nyuma wa mguu wa mbele, theluthi moja kutoka chini ya kifua. Hapo. Akiwa ameelekea kwako kichwa, subiri. Akiwa amekupa makalio, subiri. Na tazama nyuma yake, kwa sababu risasi ya .30-06 ikimkosa bado inaua mtu aliye mbali sana na macho yako. Huku kwetu kuna warina asali wanaotembea kimya msituni na ndoo na moshi. Ukishafyatua, vuta bolti papo hapo hata ukiona ameanguka.

Nilimpa mpwa wangu daftari la kurasa 48 na kumwambia aandike kila risasi: tarehe, umbali, aina, ilipoingia, na kama alifumba macho. Mstari huo wa mwisho ni wa lazima, na aujaze kwa ukweli. Juzi aliniletea nilitazame. Amefika risasi ya 87. Kwenye 20 za kwanza ameandika "nimefumba" mara 11. Kuanzia ya 61 sijaliona neno hilo tena, na kibali chake cha kongoni mmoja na swala pala wawili tayari kimetoka.